Nukta ya Kijani Inayomfumba Rubani Macho

Tarehe 14 Februari 2016, ndege ya Virgin Atlantic iliruka kutoka Heathrow, London, ikielekea New York. Punde baada ya kupaa, mtu aliyekuwa ardhini aliimulika kwa leza. Rubani msaidizi akaanza kujisikia vibaya, na ingawa walikwisha kufika magharibi mwa Ireland, marubani waliamua kurudi Heathrow na abiria wao wote.

Aliyeshika kalamu ya leza huona nukta ndogo ukutani, akadhani hata angani itabaki ndogo vilevile. La hasha! Mwale hutanuka kadiri unavyosafiri. Ukifika umbali wa kilomita moja, mwale wa kalamu ya kawaida huweza kuwa na upana wa takriban mita moja. Ukigonga kioo cha mbele cha ndege, chenye mikwaruzo midogo na vumbi, mwanga hutawanyika na chumba cha marubani hujaa rangi ya kijani.

Kijani chenyewe huongeza madhara. Leza nyingi za rangi hiyo zina urefu wa wimbi wa nanomita 532, na jicho la binadamu ni jepesi mno kuhisi mwanga wa aina hiyo. Ndiyo maana leza ya kijani huonekana kali zaidi machoni kuliko nyekundu yenye nguvu ileile. Usiku, macho ya rubani yamekwisha kuzoea giza. Yakimulikwa, huenda yakahitaji dakika kadhaa kurejea hali yake.

Dakika hizo hana.

Ndege kubwa ya abiria hutua kwa mwendo wa kilomita 250 hivi kwa saa, yaani karibu mita 70 kila sekunde. Rubani akikosa kuona kwa sekunde tano tu, ndege imekwisha kwenda mita 350. Helikopta za polisi na za kubebea wagonjwa zimo hatarini zaidi, kwa kuwa huruka chini, na pengine rubani ni mmoja.

Mwaka 2023, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipokea taarifa 13,304 za ndege kumulikwa. Huko, tangu 2012, kosa hilo huweza kumpeleka mtu jela miaka mitano. Uingereza nayo iliweka kifungo kama hicho mwaka 2018.

Wengi hudhani giza litawaficha. Kumbe mwale wa kijani huonekana usiku kama uzi ulionyooka, na mara nyingi polisi walio kwenye helikopta huufuata hadi uani kwa aliyeuwasha.