Kabla hujatuma pesa ya dawa, inua mmea uangalie mizizi

Saa saba mchana majani ya saladi yamelala kama yaliyokosa maji wiki nzima, na tanki limejaa. Jioni yanainuka. Kesho yake yanalala mapema zaidi, saa nne, na siku ya tatu hayainuki tena. Mkulima wa haidroponiki, yule anayelima kwa maji bila udongo, akiona hivyo kitu cha kwanza anachukua ni simu. Anapiga picha, anaituma kwa kikundi cha wakulima, na haipiti nusu saa kabla mtu kumjibu: tuma pesa kwa hii namba, dawa iko, kesho inafika na pikipiki.

Hiyo pesa inaweza kungoja kidogo. Inua mmea mmoja kutoka kwa shimo lake, suuza mizizi kwa maji safi, uangalie. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya krimu, na harufu yake ni ya mboga mbichi tu. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza kama bamia, na inanuka kama mtaro. Shika mzizi mmoja kwa vidole viwili uvute polepole. Ngozi ya nje ikitoka na kubakisha uzi mwembamba wa katikati, hapo hakuna mjadala tena, mizizi inaoza. Rangi peke yake isikutishe, kwa sababu kokopiti mpya, yale makumbi ya nazi yaliyosagwa, hutoa maji ya rangi ya chai, na kuna mbolea za maji zinazopaka mizizi rangi. Mizizi ya kahawia isiyoteleza wala kunuka haihitaji dawa yoyote.

Mara nyingi anayeozesha ni Pythium. Watu humwita kuvu, lakini ni kiumbe cha majini kinachofanana tu na kuvu, na mbegu zake ndogo sana huogelea. Ndiyo maana kwa maji yanayozunguka, mmea mmoja mgonjwa unaweza kuambukiza mabomba yote kwa siku chache. Huja na miche ya kununua, maji ya mto au bwawa, makasi yasiyooshwa, na vile vijidudu vyeusi vinavyopenda kurukaruka juu ya kokopiti iliyolowa.

Lakini kuingia si kushinda. Pythium inaweza kuwa ndani ya tanki na mboga zikaendelea vizuri, mpaka siku mizizi ikose hewa. Mizizi inapumua. Ikikosa oksijeni inaanza kufa, na mizizi inayokufa ndiyo chakula cha huyu mgeni. Ukimwaga dawa kwa maji yasiyo na hewa, umelipia wiki mbili za matumaini. Itarudi.

Sasa, hewa inapotelea wapi? Kwanza ni joto. Karibu na usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 yanabaki na kama 7.5. Wakati huohuo joto linafanya mizizi itake hewa zaidi, na Pythium aphanidermatum, ambayo ni aina moja ya huyu adui, hupenda joto kama hilo. Mkulima wa Mombasa au Kisumu anajua tanki jeusi chini ya mabati mwezi wa Februari linakuwaje: ukitia mkono unadhani ni maji ya kuoga. Lenga nyuzi 18 hadi 22 ukiweza. Lipeleke tanki kivulini, lifukie nusu ardhini, au lipake rangi nyeupe nje. Usinunue tanki linalopitisha mwanga, kwa sababu mwanga ukikutana na mbolea unapata mwani, na mwani ukifa unaoza na kumaliza hewa iliyobaki. Kwa tanki dogo, chupa mbili tatu za maji yaliyogandishwa kwa friji zinasaidia mchana.

Sababu ya pili huwakuta wanaotumia ndoo zisizo na pampu. Mmea unakunywa, maji yanashuka, na mizizi ya juu inabaki kwenye nafasi yenye unyevu ikivuta hewa. Mwenye ndoo anaona maji yamepungua, anahurumia, anajaza mpaka juu. Amezamisha mizizi iliyokuwa inapumua, na baada ya siku chache inaoza. Ukiongeza, ongeza kidogo, ile nafasi ya juu ibaki.

Kwa mabomba ya PVC, tafuta bomba lililopinda kwa jua. Pale katikati panaposhuka maji yanatuama, na mara nyingi mimea ya hapo ndiyo hulala kwanza. Mteremko wa sentimita 2 au 3 kwa kila mita unatosha, mradi bomba limeshikwa vizuri lisilegee. Halafu kuna stima. Ikipotea usiku, pampu ya hewa inanyamaza na wewe umelala. Kati ya vitu vyote vya kununua, pampu ndogo ya betri ndiyo tungeanza kuwekea akiba, kabla hata ya kupima chapa ya mbolea.

Na kama ugonjwa umeshaingia? Anza na uamuzi mgumu. Mmea uliopoteza zaidi ya nusu ya mizizi utupe, mbali na shamba. Saladi iliyobakisha wiki moja na majani bado mazima, ivune leo uuze, kabla hujatia kitu chochote kwa maji. Iliyobaki, kata mizizi iliyooza kwa makasi safi na suuza iliyo mizima. Mwaga maji yote ya tanki, usihurumie mbolea. Sugua tanki, mabomba na pampu, kisha pitisha jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kaa nusu saa, suuza mpaka harufu iishe kabisa. Tafadhali usichanganye jiki na ile asidi ya kushusha pH. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu.

Weka maji mapya na mbolea nusu ya kipimo cha kawaida, pH kati ya 5.5 na 6.5, hewa ikipulizwa usiku na mchana, na kivuli kwa siku kadhaa. Wengine hutia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, mililita 2 au 3 kwa lita. Inasafisha maji kwa muda mfupi tu, na mizizi iliyokufa haifufui. Pia inaua vijidudu rafiki kama Trichoderma, kwa hivyo kuzitumia pamoja ni kuchoma pesa.

Ukiamua kununua dawa, uliza jina lake kamili na picha ya lebo, uone nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa hizi. Soma kama imeandikwa kwa zao lako, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Lipa kwa till ya duka badala ya namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea likitofautiana na la duka, simama hapo kabla ya kuweka PIN.

Ule ujumbe wa malipo usiufute. Mimea ikianza kulala, taarifa ya miamala yako itakuonyesha miche ya mistari ile ulinunua tarehe gani na kwa nani. Kama ni ya muuzaji mmoja peke yake iliyooza, umeshajua ugonjwa ulipoingilia. Mwambie, na mara nyingine anza na miche kumi kwa ndoo ya pembeni. Wiki moja ikipita na mizizi mipya myeupe imechomoza, hamishia kwa mabomba.