NYWELE ZIKIKIMBIA: FIKIRI KABLA YA KUPANDIKIZA

Hebu jaribu jambo moja sasa hivi. Weka kidole pembeni ya uso wako, pale juu kidogo ya sikio ambapo nywele zinaanza. Je, umekuta nywele, au umekuta ngozi laini inayong'aa? Kama wewe ni msichana na kila likizo unasuka rasta za kubana, usishangae sana ukikuta pengo. Na wewe kaka unayecheka, hebu waangalie baba na wajomba zako. Vichwa vyao vinakuambia nini?

Nywele ni jambo dogo mpaka siku zinapoanza kuondoka. Hapo ndipo utani wa "kipara ngoto" unapoanza kuuma, na hapo ndipo watu wengi wanapotoa hela bila kuuliza maswali.

Mama yangu mdogo alisuka na kushonea nywele za bandia kwa zaidi ya miaka 20. Alipofika miaka 41 hakuwa na nywele hata moja kutoka sikio hadi karibu na utosi. Kila asubuhi alikuwa anachora kwa wanja, na hakutoka nje bila kilemba. Mwishowe alikusanya akiba yake yote, akasafiri nje ya nchi, akapandikizwa nywele. Wiki ya tatu baada ya kurudi akanipigia simu usiku, analia. "Mwanangu, nimeibiwa! Zote zinadondoka!"

Nilimwambia, "Mamdogo, shikamoo kwanza, halafu tulia." Hakuwa ameibiwa. Kilichomtokea ni cha kawaida kabisa, ila hakuna aliyemweleza mapema. Kwa sababu ya simu ile nimeandika makala hii, ili wewe usije ukalia usiku kwa jambo ambalo ungeweza kulijua mchana.

NYWELE ZINAISHIJE?

Kichwa cha binadamu kina nywele kama 100,000 hivi. Kila unywele unatoka kwenye kifuko kidogo ndani ya ngozi, na mzizi wake uko humo. Unywele hukua kwa miaka kadhaa, halafu hupumzika kwa miezi kama 3, kisha hudondoka na mwingine huanza kuota. Kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Usiogope ukiziona kwenye kitana.

Tatizo linaanza pale zinazodondoka zinapozidi zinazoota, au pale kifuko chenyewe kinapokufa. Kumbuka tofauti hii. Kifuko kilicholala kinaweza kuamka. Kifuko kilichokufa na kugeuka kovu hakiamki kwa mafuta wala kwa dawa ya dukani.

KWA NINI ZINATOKA?

Sababu ziko nyingi, na kila moja ina tiba yake. Hizi ndizo tunazokutana nazo sana:

* Upara wa kurithi. Mwili hubadili homoni ya kiume, testosteroni, kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi. Kwa wanaume waliorithi hali hii, homoni hiyo hudhoofisha vifuko vya mbele na vya utosini taratibu. Vya kisogoni na pembeni havijali. Ndiyo maana babu ana upara juu lakini nywele za kisogoni bado zipo! Watu wengi husema eti upara unatoka kwa wajomba tu. Si kweli, unaweza kurithiwa kutoka pande zote mbili.

* Kuvuta nywele. Rasta nzito, mistari ya kubana, kushonea na kufunga mkia kwa nguvu kila siku huvuta mizizi. Mwanzoni utaona vipele vidogo na maumivu. Ukiacha mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, vifuko hufa.

* Mapunye. Huu ni ugonjwa wa fangasi, na huambukiza. Krimu peke yake haitoshi, kwani fangasi wamo ndani ya unywele. Zinahitajika dawa za kumeza kutoka kwa mganga wa hospitali.

* Mabaka ya duara yanayotokea ghafla. Hapa kinga ya mwili hushambulia vifuko vyake yenyewe. Si uchawi, na wala haiambukizi.

* Homa kali, upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, kujifungua, au kujinyima chakula ili upungue. Nywele hutoka kwa wingi miezi 2 au 3 baadaye, na mara nyingi hurudi zenyewe sababu ikiondoka.

Umeona? Mtu mwenye mapunye hahitaji upasuaji, anahitaji vidonge. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kujua ugonjwa wenyewe. Bei inakuja baadaye.

UPASUAJI WENYEWE UKOJE?

Si jambo geni. Daktari Okuda wa Japani aliandika juu ya kupandikiza nywele kwenye makovu mwaka 1939. Mwaka 1952 daktari Norman Orentreich, huko New York, alianza kuwapandikiza wanaume wenye upara. Aliona kwamba unywele uliotolewa kisogoni huendelea na tabia ya kisogoni hata ukiuhamishia mbele. Juu ya wazo hilo ndipo kazi yote ya leo imejengwa.

Kwa hiyo elewa vizuri. Daktari hakutengenezei nywele mpya. Anahamisha zako. Ni kama mkulima anayeng'oa miche upande mmoja wa bustani na kuipanda upande mwingine. Miche haiongezeki. Shamba la kisogoni likiisha, limeisha.

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza, daktari anakata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, anashona, kisha ukanda ule unagawanywa vipande vidogo vidogo. Njia hii huacha kovu la mstari. Ya pili, anatoa mzizi mmoja mmoja kwa kifaa chenye mdomo wa duara, upana wake karibu milimita 1. Hii huacha vidoti vya makovu. Kila kipandikizi huwa na nywele kati ya 1 na 4. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi kichwani, anabaki macho, na kazi inaweza kuchukua saa 6, 8 au zaidi.

Kwa sisi wenye nywele za kipilipili kuna jambo la ziada. Nywele zetu zimejikunja hata chini ya ngozi, kama ndoano. Daktari asiyezizoea anaweza kukata mizizi mingi wakati wa kuitoa. Pia ngozi nyeusi hupata makovu yanayovimba kwa urahisi zaidi. Kama kidonda cha kutoboa sikio kilikuachia uvimbe mgumu, mwambie daktari kabla hajashika kisu.

JE, WEWE KIJANA UNAFAA?

Jibu fupi ni: bado. Usikasirike, sikiliza sababu.

Upara wa kurithi haujamaliza safari yake ukiwa na miaka 18 au 20. Tuseme unapandikizwa mbele leo. Nywele zilizopandikizwa zitabaki, lakini zile za nyuma yake zitaendelea kutoka. Ukifika miaka 35 utakuwa na kisiwa cha nywele mbele na bahari ya upara nyuma. Na kisogoni umeshavuna! Ndiyo maana madaktari makini huwaambia vijana wasubiri angalau mpaka miaka 25 au zaidi, wakati ramani ya upara imeonekana vizuri.

Binamu yangu alitaka kwenda akiwa na miaka 22. Alikuwa tayari kutumia hela ya ada ya chuo. Daktari wa ngozi alimwangalia kichwa, akamuuliza juu ya baba yake, kisha akamwambia: "Lipa ada kwanza. Kichwa chako hakitakimbia." Leo amemaliza chuo. Ananyoa kipara safi, na kwa kweli kinampendeza.

Wapo wengine ambao upasuaji hauwafai kabisa mpaka hali itulie, kama mwenye mabaka ya duara yanayoendelea au mwenye ugonjwa wa ngozi ya kichwa. Na aliyeharibiwa na kusuka lazima aache kwanza kubana. Utapandaje miche huku unaendelea kuing'oa?

BAADA YA UPASUAJI: MIEZI, SI SIKU

Hapa ndipo mama mdogo alipokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Siku 1 hadi 4: Kichwa kinauma kidogo na kisogo kinabana. Paji la uso linaweza kuvimba, na uvimbe ukashuka mpaka machoni. Mama mdogo alijiangalia kwenye kioo siku ya tatu akadhani amepigwa ngumi. Uvimbe huo huisha wenyewe. Mgonjwa hulala kichwa kikiwa juu ya mito na hunywa dawa alizopewa tu.

Siku 5 hadi 14: Magamba madogo hukauka na kudondoka. Yanawasha, lakini marufuku kukuna! Mzizi ambao haujashika unaweza kung'oka. Kichwa huoshwa kwa upole, kwa jinsi daktari alivyoelekeza. Hakuna mpira, kuogelea, kubeba ndoo kichwani wala jua kali mpaka daktari aruhusu. Sigara nayo huchelewesha kupona.

Wiki ya 2 hadi ya 8: Nywele zilizopandikizwa hudondoka, nyingi au karibu zote. Ndiyo, umesoma sawasawa. Unywele unaondoka lakini mzizi unabaki ndani umelala. Siku ile mama mdogo alipolia, mizizi yake ilikuwa salama.

Mwezi wa 3 hadi wa 4: Nywele nyembamba zinaanza kuchungulia. Vipele vidogo si ajabu, na ganzi ya kisogoni inaweza kuwa bado ipo.

Mwezi wa 6: Tofauti inaonekana. Mwezi wa 12, na kwa wengine wa 18, ndipo unapopata jibu kamili.

Lakini hatari zipo. Usaha, homa, wekundu unaosambaa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au ngozi kuwa nyeusi na kufa: hayo si ya kusubiri. Ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hapo jiulize: kama daktari wako yuko nchi nyingine, nani atakuangalia?

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA HELA

Siku moja huenda ukawa mtu mzima unayefikiria jambo hili, au mzazi wako akakuomba ushauri. Uliza hivi:

1. Nani hasa atachanja na kutoa mizizi, daktari au msaidizi? Kuna mahali daktari huonekana kwenye tangazo tu.
2. Amewahi kupandikiza watu wangapi wenye nywele kama zangu? Naweza kuona picha zao baada ya mwaka mmoja?
3. Tatizo langu linaitwaje, na limepimwaje?
4. Nikipata usaha wiki ya pili, nampigia nani?
5. Kama mizizi haikushika, itakuwaje?

Akikasirika kwa maswali hayo, chukua mkoba wako uondoke.

LEO UFANYE NINI?

Wewe una bahati, kwa sababu mizizi yako mingi bado iko hai. Mwambie msusi alegeze. Ukitoka saluni ukashindwa kufumba macho, hapo hujapendeza, umeumizwa. Pumzisha kichwa kati ya msuko na msuko. Usisuke rasta nzito juu ya nywele zilizowekwa dawa hivi karibuni. Kula mboga za majani, maharage na dagaa.

Usinunue dawa za kuotesha nywele kwa kusikia tu. Minoxidil na finasteride zipo na huwasaidia baadhi ya watu, lakini zinahitaji ushauri wa daktari. Finasteride inaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni, kwa hiyo mama mjamzito hapaswi kuitumia kabisa.

Ukiona pengo, baka au magamba, nenda zahanati mapema. Wakishindwa, wakupe rufaa kwa daktari wa ngozi. Tanzania ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992, kwa hiyo wataalamu wapo hapa hapa.

Na ukimwona mwenzako darasani amevaa kitambaa kila siku, usikivute kwa utani. Huenda kinaficha jambo linalomnyima usingizi. Mpe makala hii asome.

Mama mdogo? Sasa ni zaidi ya mwaka. Nywele zimeota, si zote, ila za kutosha kuacha wanja. Juzi nilimkuta anamsuka binti yake mdogo. Mtoto aliposema "aii!", akasimama, akafumua mstari wote, akaanza upya. Taratibu, bila kubana.