Usimpelekee Mteja Vidukari: Ratiba ya Siku 14 Kabla Ua Halijatoka Kwako

Wauzaji wenzangu wa maua ya kwenye vyungu na viriba, ya leo inawahusu ninyi moja kwa moja.

Mteja wa Buhongwa akiona waridi kwenye stetasi yako anaona ua tu, haoni chini ya jani. Anatuma hela, bodaboda anafikisha mzigo, na jioni unapokea picha: ncha ya shina imejaa vidudu vya kijani, majani yananata, sisimizi wanapanda na kushuka. Hapo hela ya chungu kimoja ndo hasara ndogo. Kama ana maua mengine barazani, umemletea wadudu nyumbani kwake, na picha hiyo ikiingia kwenye magrupu, Mwanza nzima inajua.

Vidudu hivyo ni vidukari. Wakulima wa pamba na kunde huku Kanda ya Ziwa wanawaita wadudu mafuta. Kuna kidukari wa pamba ambaye anapenda pia hibiskasi, maana pamba na hibiskasi ni ndugu wa ukoo mmoja. Kwa hiyo huyu si mgeni kwetu.

KWA NINI WANARUDI

Kidukari jike hahitaji dume. Anazaa watoto walio hai, si mayai, na kwenye joto kama letu mtoto anakuwa mama ndani ya wiki moja hivi. Dawa nyingi za asili zinamuua yule iliyemgusa tu. Wawili waliojificha kwenye jani lililojikunja wanatosha kuanza upya. Ukipulizia leo, ukaona wamekufa, ukauza kesho, unamuuzia mteja kizazi kijacho.

Ndo maana nasema dawa ya asili ni ratiba, si chupa. Ratiba yenyewe ni hii.

SIKU YA 1: OSHA, KATA, PULIZIA

Kitenge chungu mbali na vingine. Ncha iliyojaa sana ikate, itie kwenye mfuko, ufunge. Zilizobaki zioshe kwa maji ya kasi kiasi, huku umeshika shina kwa mkono, hasa upande wa chini wa majani. Kidukari akidondoshwa mara nyingi hawezi kurudi.

Yakikauka, pulizia maji ya sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kawaida, au sabuni ya mche iliyokwanguliwa na kuyeyushwa, kwa lita moja ya maji. Sabuni ya unga ya kufulia achana nayo, inaunguza majani. Jaribu kwanza kwenye jani moja, usubiri hadi kesho yake. Pulizia asubuhi na mapema au jioni. Jua la saa sita likikuta sabuni kwenye jani, utauza majani ya kahawia. Lenga wadudu wenyewe, maana sabuni ikishakauka haina kazi tena.

SIKU YA 4: MWAROBAINI

Twanga gramu 50 za mbegu kavu za mwarobaini, loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji, chuja kwa kitambaa, ongeza matone machache ya sabuni, pulizia jioni maana jua linaivunja nguvu. Majani ya mwarobaini nayo yanasaidia, ila mbegu ndo zenye nguvu. Usitegemee waanguke palepale: mwarobaini unawafanya waache kula na washindwe kukua, kazi ya siku kadhaa. Tengeneza ya kutumia siku hiyo hiyo.

SIKU YA 7: RUDIA SABUNI

Hata kama huoni kitu, rudia. Hapa ndo wengi wanaacha, na hapa ndo wale watoto wa siku ya kwanza wanaanza kuzaa.

SIKU YA 8 HADI 14: KAGUA

Kila asubuhi geuza majani. Ukikuta hata mmoja, hesabu inaanza upya. Wiki nzima bila kidukari, chungu kinaruhusiwa kuposti. Miche unayonunua kwa wengine nayo ikae pembeni wiki nzima kabla ya kuichanganya na yako.

SISIMIZI NDO WALINZI WAO

Vidukari wanatoa maji matamu yanayonata. Sisimizi wanayala, kwa hiyo wanawalinda vidukari dhidi ya wadudu wanaowawinda. Ukiwaacha sisimizi, unapulizia bure. Weka vyungu juu ya meza, kila mguu ndani ya kopo la maji yenye sabuni kidogo, kama bibi zetu walivyolinda kabati la chakula. Badilisha maji hayo mara kwa mara, tusije tukafuga mbu.

Yale maji matamu yakikaa yanaota ukungu mweusi kama masizi. Ufute kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupiga picha, ila ufute baada ya kumaliza wadudu, si badala yake.

Kale kadudu ka mviringo, ka mgongo mwekundu wenye madoa meusi, usikaue. Kanakula vidukari, na watoto wake wanakula zaidi. Ukikaona, osha tu kwa maji, sabuni iache.

Punguza pia urea na samadi nyingi. Tunaziweka ili majani yapendeze kwenye picha, lakini majani laini yaliyolazimishwa kukua ndo chakula wanachokipenda.

UTUPA UNAFANYA KAZI, LAKINI TUNAISHI ZIWANI

Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, walichapisha majaribio yao kwenye maharage hapa Tanzania. Mimea kama utupa na alizeti pori, ikiwa unga uliolowekwa kwenye maji yenye sabuni kidogo, ilipunguza vidukari, na wadudu rafiki wakabaki wengi kuliko kwenye dawa ya kiwandani. Mavuno hayakuachana sana.

Ila utupa ndio ule ule unaotumika kulewesha samaki, jambo ambalo sheria ya uvuvi inalikataza. Kama uko Igogo, Kirumba au sehemu yoyote ambayo mtaro wako unaishia ziwani, usiutumie. Sabuni na mwarobaini vinatosha kwa vyungu vyetu, na hata hivyo mabaki mwaga kwenye udongo mkavu, si mtaroni. Cha asili kinaweza kuwa sumu vilevile.

USIIFUNGE KWENYE CHUPA UKAIUZA

Najua unawaza, "mwarobaini wangu unafanya kazi, niweke lebo niuze." Kuuza kiuatilifu, hata cha mitishamba, kunahitaji usajili kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Tumia kwenye maua yako, mfundishe mteja ajitengenezee, lakini biashara yako iwe ua.

FANYA USAFI WAKO UUZE

Sasa hesabu. Tuseme chungu unauza 10,000 na faida yako ni 4,000. Kimoja kikirudi ukarudisha hela yote, ukalipa boda mara mbili 2,000 kila safari, na ua ukalitupa, gharama yake ya 6,000 imeenda na nauli 4,000 juu. Hiyo 10,000 unaifidia kwa kuuza vyungu viwili na nusu. Sabuni ya ratiba nzima haifiki hapo.

Kwa hiyo, kwenye kila posti weka picha mbili: ua kwa mbele, na jani likiwa limegeuzwa chini juu, limepigwa siku hiyo hiyo. Kisha mtumie mteja ujumbe huu akishapokea:

"Ua lako limekaguliwa wiki nzima. Geuza majani kila Jumamosi. Ukiona vidudu, osha kwa maji, kisha pulizia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni. Rudia baada ya siku tatu, na tena baada ya tatu nyingine. Ukikwama nitumie picha."

Mteja akituma picha, mjibu. Anayesaidiwa baada ya kulipa ndo anayerudi kununua chungu cha pili.

Kesho asubuhi, kabla hujaposti chochote, pita kwenye vyungu vyako vyote na ugeuze majani.