Cheti kisichosomeka kisibahatishwe

Ukimwona muuza dawa anageuza cheti chako huku na huku, kisha anamnong'oneza mwenzake, usipokee dawa kwanza. Metformin ni ya kisukari. Metronidazole ni ya amiba. Zote huanza na "Met", na kalamu ikikimbia mwisho wa neno haujulikani. Mwenye kisukari akipewa ya amiba, atameza kwa utiifu huku sukari ikizidi kupanda, naye akidhani anatibiwa. Nukta nayo ina balaa lake: 1.0 ikififia husomwa 10.

Kosa ni letu matabibu, tusimsingizie muuza dawa. Mimi mwenyewe nimewahi kupigiwa simu kutoka dukani, nikaletewa cheti, nikashindwa kusoma nilichoandika jana yake! Ilibidi nifungue faili la mgonjwa.

Basi kabla hujatoka kwa tabibu, mwombe akusomee jina la dawa, aandike ugonjwa inaoutibu na namba ya simu ya zahanati. Ukiwa dukani, mwambie muuzaji apige. Simu isipopokelewa, rudi na cheti chako zahanati, hata kama ni nauli ya pili.