Sili Huuzwa kwa Kipimo: Soko la Spea za Mashine Kuukuu za Bustani

Mashine ya bustani ikianza kuvuja, kilichochoka kwa kawaida ni kitu kidogo. Pampu ya petroli ya kumwagilia mboga hudondosha mafuta kwenye kabureta, oili kwenye ncha ya krenki au kwenye maungio ya injini, na maji pale pampu inapokutana na injini. Kinachoziba sehemu hizo ni sili na gasketi, vipande vya mpira, karatasi na kauri vinavyoenea kiganjani. Bei yake ni ndogo. Kinachogharimu ni kuvitafuta. Hapo wauzaji wamegawanyika: wapo wanaouza kwa jina la mashine, na wapo wanaouza kwa kipimo.

Jina linatosha pale mashine inapokuwa na ndugu wengi. Injini ya Honda GX160, yenye cc 163, imenakiliwa na viwanda vingi vya China kwa jina la 168F. Hiyo 68 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Kwa kuwa vipimo vilifuatwa karibu vyote, gasketi, sili na kabureta nyingi huingiliana. Ndiyo maana Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mwenye Honda kuukuu hahitaji kumtafuta wakala. Nakala hizo hulaumiwa kwa kuharibu soko, lakini ndizo zinazozipa injini halisi maisha marefu.

Mtengenezaji akishaacha kutoa modeli, jina halisaidii tena. Sili ya krenki hutafutwa kwa namba tatu, ambazo mara nyingi zimechapwa usoni pake: 25-40-7 ni shafti ya milimita 25, tundu la 40 na unene wa 7. Kwa namba hizo, duka la beringi hutoa sili bila kuuliza ni ya mashine gani. Namba zikifutika, hupimwa shafti na tundu lake, kwa sababu mpira wa zamani umekwisha kutanuka. Mtego uko kwenye injini za Marekani na mashine kongwe za Uingereza, zinazofuata inchi. Shafti ya inchi moja ni milimita 25.4, hivyo sili ya 25 huingia kwa kulazimishwa, ikapata joto na kuvuja upya.

Gasketi ina njia yake. Fundi hulaza karatasi juu ya uso wa injini, akagonga kingo polepole kwa nyundo mpaka chuma chenyewe kiikate. Matundu ya bolti huyatoboa kwa kugonga gololi ya beringi. Unene wa karatasi ya awali lazima ufuatwe, kwani katika baadhi ya injini ndio unaopanga nafasi ya krenki. Tyubu ya baiskeli nayo hukatwa ikawa gasketi, na kwenye maji hufanya kazi vizuri. Kwenye petroli huvimba na kulegea. Huko hutakiwa mpira wa naitrili.

Sili ya maji ya pampu ni nyuso mbili, moja ya kauri na nyingine ya kaboni, zinazosuguana huku maji yakizipoza. Pampu ikiwashwa kavu kwa muda, kauri hupasuka. Mchanga nao huzichubua. Nyuso hizo hubadilishwa pamoja, na muuzaji anayekubali kutoa upande mmoja anauza nusu ya dawa.

Si kila uvujaji ni wa spea. Oili iliyojazwa kupita kiasi, au bomba la kupumulia lililoziba, husukuma oili ipite hata kwenye sili mpya. Katika mashine za kufyekea zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, sili iliyochoka huenda isidondoshe chochote: huvuta hewa, injini ikapata moto na pistoni kuungua.

Shafti ikiwa na mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, fundi huisogeza sili mpya kidogo ili ikae penye chuma kizima, au humpelekea fundi wa kukereza shafti hiyo ili aivishe bushi nyembamba. Mfereji ukizidi, injini nzima ya 168F huenda ikagharimu pungufu ya kukereza na kusubiri. Injini kuukuu hubaki karakanani, ikifunguliwa kifuniko leo, kabureta kesho, kwa ajili ya mashine nyingine zinazovuja.