Mwanza: Hela ya mradi inatoka mbali, lakini inapita uani kwako. Sema kabla ya alama ya X

Ukiwa mjini kati Mwanza ukatazama juu, unaona nyumba zimepanda hadi kwenye mawe: Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugando. Nyingi zilijengwa kabla ya ramani. Barabara, maji na mitaro vinakuja baadaye, na vikija lazima vipite mahali. Mara nyingi mahali penyewe ni uani kwa mtu.

Nani anaamua vipite wapi? Na wewe una nafasi gani ya kusema?

Hela inatoka wapi?

Mapato ya ndani ya halmashauri hayatoshi kwa miradi mikubwa. Jiji lina halmashauri mbili, Jiji la Mwanza (Nyamagana) na Manispaa ya Ilemela, na kwa sensa ya 2022 zina watu zaidi ya milioni 1 kwa pamoja. Hela nyingi zinatoka Serikali Kuu, au ni mikopo ambayo Serikali Kuu imechukua.

Mfano ni TACTIC, mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia unaojenga barabara, masoko na mitaro katika miji 45 nchini. Nyamagana na Ilemela zote zimo.

Kilichofanyika vilimani

Mfano mwingine ni majitaka. Huko juu gari la kunyonya choo halifiki, njia ni za mguu tu. Mvua ikinyesha, vyoo vinavyofurika vinateremka na maji hadi ziwani, na ziwa hilohilo ndilo linalotupa maji ya kunywa kupitia chanzo cha Capripoint.

Kwa fedha za Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, MWAUWASA ililaza mabomba membamba ya majitaka katika maeneo kama Igogo, Mabatini na Kilimahewa. Mabomba haya yanapita katikati ya nyumba, yakiunganisha majirani kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana mfumo wa aina hii unategemea sana makubaliano ya majirani. Mmoja akigoma, bomba linatafuta njia nyingine au wa juu yake wanakosa.

Uamuzi unapita wapi?

1. Mkutano wa mtaa. Wakazi wanataja vipaumbele: daraja la mguu, mtaro, zahanati.
2. Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti ni diwani. Wenyeviti wa mitaa wanapeleka hoja zenu hapa.
3. Baraza la Madiwani. Linapitisha bajeti ya halmashauri.
4. Mkoa, TAMISEMI, Hazina, kisha Bunge. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1.

Ukienda kulalamika Julai, umechelewa: bajeti imeshapita. Muda wa kusema ni miezi ya mwisho wa mwaka na mwanzoni mwa mwaka unaofuata, mapendekezo yanapoandaliwa.

Juu ya hayo kuna Mpango Kabambe wa Mwanza wa 2015–2035, unaoonyesha wapi ni makazi, viwanda au njia kuu. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe wakati mipango inaandaliwa, kwa hiyo kuomba kuona ramani ya eneo lako kwa ofisa mipango miji si ukorofi.

Mradi ukigusa kiwanja chako

Hapa wengi wanachanganya mambo mawili.

*Urasimishaji.* Mnapopimiwa mtaa ili mpate hati, wakazi kwa kawaida mnakubaliana kuachia vipande vya ardhi kwa ajili ya njia. Huo ni mchango wenu, usitarajie kulipwa. Ndiyo maana mkutano wa kuchora hizo njia si wa kukosa: asiyekuwepo anakuta bikoni imeshawekwa.

*Kutwaliwa ardhi.* Serikali ikichukua eneo kwa mradi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mthamini akija, uwepo. Hakikisha vyumba, miti na choo vyote vimeandikwa, soma fomu kabla ya kusaini na ubaki na nakala.

Fanya hivi wiki hii

- Muulize mtendaji wa mtaa mkutano ujao ni lini.
- Uliza mtaa wako umependekeza nini kwenye bajeti, na kata imekipeleka au imekiacha.
- Kama urasimishaji unaendelea, ijue kamati yenu na uone mchoro kabla haujaidhinishwa.
- Weka pamoja karatasi za kiwanja: mkataba wa mauziano, risiti, barua ya mtaa.

Mchoro ukiwa kwenye karatasi, kuusogeza ni kazi ya kalamu na ufutio. Alama nyekundu ya X ikishachorwa ukutani, ni kazi ya mawakili.