Bukavu: Wanaokusanya habari za vita na wanaotia jina kwenye kitabu

Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakishuka Kivu Kusini na daftari mkononi, wakitaka kueleza kwa nini vijana wanashika silaha. Mwaka 2004, Paul Collier na Anke Hoeffler wa Oxford walisema vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaelezwa zaidi na nafasi ya kupata fedha kuliko na malalamiko ya raia.

Wazo la jirani yake, kwamba madini ndiyo roho ya vita, halikubaki vitabuni. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, inayodai makampuni yaseme kama madini yao yametoka Kongo au nchi jirani. Septemba, Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wachimbaji wadogo walikosa kazi. Bunduki hazikunyamaza.

Mwaka huohuo wa 2010, Mfaransa Séverine Autesserre aliandika kwamba wageni wamepuuza ugomvi wa vijijini juu ya ardhi na madaraka. Mkaaji yeyote wa Uvira angemwambia hivyo bure. Katika Bonde la Ruzizi, Bafuliru na Barundi wamevutana kwa muda mrefu juu ya uchifu, na mwaka 2012 mwami aliuawa. Shimo la dhahabu halitoshi kueleza hilo.

Lakini hata nadharia hii ya pili inahitaji mtu wa kupanda pikipiki hadi kijijini, kuomba ruhusa kwa kamanda na kutafsiri majibu. Mara nyingi ni mtafiti wa Bukavu, na jina lake huishia kwenye ukurasa wa shukrani, kama lipo.

Watafiti wa ISP na ISDR Bukavu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walilisema jambo hilo wazi katika maandishi ya "Bukavu Series", yaliyotoka kama kitabu mwaka 2020. Walieleza malipo madogo, hatari za njiani, na mambo waliyoyasikia ambayo hayatoki kichwani. Mgeni akimaliza kazi, anapanda ndege. Msaidizi wake anabaki, na kesho anaweza kukutana sokoni na yule aliyemuuliza jana habari za kikundi chake.